Shajara ya mradi: jedwali moja la chakula kwa mwenye IBS aliyefanyiwa slivu

Mtu aliyefanyiwa slivu, yaani upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili apungue uzito, hupewa karatasi inayosema: kunywa maziwa, supu, uji wa lishe, maharage ya kusaga, tafuna vitamini kila siku. Mwenye IBS, yaani utumbo nyeti, hupewa nyingine inayosema: punguza maziwa, acha vitunguu, acha maharage, jihadhari na utamu bandia. Aliye na hali zote mbili anarudi nyumbani na karatasi mbili zinazogombana. Mradi huu unatengeneza jedwali moja, kwa vyakula vinavyopatikana soko lolote la Dar es Salaam.

Mhusika ni mwanamke mmoja mwenye IBS ya kuharisha. Sisi tunashughulika na lishe na jiko. Dawa na vipimo vimeamuliwa na daktari wake. Anayenakili anakili utaratibu, na dozi za dawa azipeleke kwa daktari wake mwenyewe. Bei zote ni shilingi za Tanzania, za nusu ya kwanza ya 2025.

6 Januari 2025: kabla ya kisu

IBS haimzuii mtu kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Ila lazima ithibitishwe kwanza kuwa ni IBS kweli. Vigezo vya Roma IV vya mwaka 2016, vinavyotumiwa na madaktari kutambua IBS, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3 iliyopita, yaliyoanza si chini ya miezi 6 nyuma, pamoja na mawili kati ya haya: maumivu yanahusiana na choo, choo kimebadilika idadi, choo kimebadilika umbo. Vipimo vilivyofanyika: choo kwa ajili ya amiba na jiadia, kalprotektini ya choo kuangalia uvimbe wa utumbo, damu kwa ajili ya seliaki (ugonjwa wa kutovumilia gluteni ya ngano) na tezi la shingo, na bakteria H. pylori. Hiyo ya mwisho ilionekana, ikatibiwa, na ikapimwa tena baada ya dawa. Kwetu ni bakteria wa kawaida sana, na ni vizuri waondoke kabla tumbo halijakatwa.

Daktari alichagua slivu badala ya baipasi. Katika slivu huondolewa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula na kubaki mrija mwembamba. Utumbo wenyewe hauguswi. Katika baipasi chakula huruka sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, na sababu za kuharisha zinaongezeka. Kwa mtu ambaye tayari anaharisha, hilo lilipewa uzito.

Daftari lilianza siku hiyo. Safu zake: saa, chakula na gramu, dalili, dakika tangu kula, na aina ya choo kwa kipimo cha Bristol, 1 (vigololi vigumu) hadi 7 (maji matupu). Mizani ya jikoni, 25,000. Usianze mradi huu bila mizani.

20 Januari: mlo wa kupunguza ini

Wiki mbili kabla ya upasuaji hutolewa mlo wa kalori 800 hadi 1,000 wenye wanga kidogo, ili ini lisinyae na daktari aweze kulinyanyua na kulifikia tumbo. Mpango wa kwanza ulikuwa wa maziwa, karibu lita 2 kwa siku. Ulishindwa mara moja: Bristol 6 na 7, gesi, na maumivu.

Sababu ni hesabu tu. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa kila mililita 100, kwa hiyo lita 2 ni gramu 100. Watu wengi wasiomeng'enya laktosi vizuri huvumilia kama gramu 12 kwa mkupuo. Ukiwaacha Wamasai na jamii nyingine za wafugaji, watu wazima wengi wa kwetu hawana tena kimeng'enya cha kutosha, na mwenye IBS huumia zaidi kwa kiasi kilekile.

Tulibadilisha: mayai 2 asubuhi, samaki gramu 120 mchana, kuku gramu 100 jioni, mchicha na tango kwa wingi, papai gramu 100, mafuta kijiko 1. Kalori hazikuvuka 1,000. Trei ya mayai 9,500. Sangara kilo moja 16,000.

3 Februari: upasuaji

Kwa matundu madogo, bila tatizo. Alitoka na omeprazoli ya kupunguza asidi ya tumbo, sindano za kuzuia damu kuganda, na asidi ya ursodioksikoli ya kuzuia mawe ya nyongo, ambayo huliwa kwa miezi 6. Tuliandika kila dawa kwenye daftari la chakula, kwa sababu omeprazoli na hiyo ya nyongo zote mbili zinaweza kulegeza choo, na bila maandishi lawama ingeangukia uji.

Onyo la wiki hizi za kwanza: mapigo ya moyo yanayokaa juu ya 120, homa, au maumivu yanayopanda hadi begani ni dalili za kuvuja kwa mshono mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo ni kwenda hospitali usiku huohuo.

10 Februari: hatua ya vimiminika

Kiasi: mililita 30 kila dakika 15, kwa kikombe kidogo cha dawa. Lengo ni lita 1.5 kwa siku, nalo halifikiwi siku za mwanzo.

Kilichoshindwa ni supu. Ilichemshwa kwa mifupa ya kuku, kitunguu maji na kitunguu saumu, kisha ikachujwa hadi ikawa kama chai. Saa kadhaa baadaye tumbo lilijaa gesi. Kuchuja hakusaidii kitu hapa: sukari za vitunguu ziitwazo fruktani huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kitunguu kinatupwa lakini kilichomo kimebaki kwenye sufuria. Vingi vya vile vimchemraba vya viungo vya supu vina unga wa kitunguu pia.

Supu iliyokubalika tumboni: mifupa ya kuku au kichwa cha samaki, tangawizi kipande cha sentimita 3, shina moja la mchaichai, karoti 1, chumvi nusu kijiko cha chai, maji lita 1.5, saa 1 na nusu kwenye moto mdogo. Chuja, weka kwenye friji, toa mafuta yaliyoganda juu.

Madafu, ambayo kila jirani huleta kwa upendo, hayavuki mililita 100 kwa mkupuo. Zaidi ya hapo sukari zake huanza kuvuta maji kwenye utumbo.

20 Februari: protini ya unga

Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kwa vimiminika peke yake unga wa protini hauepukiki. Kopo la kwanza liligharimu 120,000 na lilipotea lote. Lilikuwa na kasoro mbili. Lilikuwa la protini ya maziwa isiyosafishwa sana, bado ina laktosi. Na lilikuwa limeongezwa inulini, inayotokana na mzizi wa chikori, eti kwa ajili ya nyuzinyuzi. Inulini ni fruktani ileile ya kitunguu, kwa jina lingine.

Kopo la pili, 185,000, ni aizoleti, yaani protini ya maziwa iliyosafishwa zaidi, isiyo na ladha: gramu 30 za unga hutoa karibu gramu 25 za protini, laktosi karibu hakuna. Kabla ya kulipa soma viambato vyote, pamoja na hizi namba za E zilizoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo: E420 ni sorbitoli, E421 manitoli, E953 isomalti, E965 maltitoli, E967 zailitoli. Zote ni polioli, yaani utamu usiofyonzwa vizuri na utumbo, na zote ni adui wa utumbo huu.

Ili kopo lisiishe haraka tulitengeneza unga wa dagaa kuanzia hatua ya uji. Toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, kausha, kaanga bila mafuta hadi wakatike kwa mkono, saga, chekecha kwa chekecheo la unga. Mchanga ndio unaoharibu kazi, kwa sababu dagaa wengi huanikwa chini. Wasipooshwa hivyo uji unakwaruza. Gramu 15 kwenye uji mwepesi wa mchele huongeza karibu gramu 9 za protini. Kilo ya dagaa wakavu ilikuwa 13,000, na baada ya kuchambua hubaki pungufu sana ya kilo.

3 Machi: vitamini

Kuharisha kulirudi bila chakula chochote kubadilika. Daftari lilionyesha kitu kimoja kipya: vitamini za kutafuna. Nyingi hutiwa utamu kwa sorbitoli, manitoli au zailitoli, na mtu anatafuna nne kwa siku kila siku.

Kosa la hatari hapa ni kuziacha. Baada ya slivu vitamini ni za maisha. Tulibadilisha umbo tu: vidonge vya kawaida vilivyosagwa, na kapsuli zilizofunguliwa kwenye kijiko cha papai lililopondwa. Vile vinavyotoa dawa polepole havisagwi. Muulize mfamasia kwanza. Kiasi kilichokubaliwa na daktari kilifuata mwongozo wa chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani: B12 mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa siku, D3 IU 3,000, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, tiamini (vitamini B1) angalau miligramu 12, na chuma miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi.

Ratiba: chuma saa 2 asubuhi pamoja na chungwa, kalsiamu saa 6 mchana, saa 10 na saa 2 usiku, miligramu 500 kila mara. Chuma na kalsiamu hutenganishwa kwa saa 2 au zaidi. Chai ya rangi haikaribii chuma, kwani tanini zake huzuia kisifyonzwe. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa pwani, na lilihitaji kuhamisha chai ya asubuhi hadi saa 4. Kalsiamu ni ya sitrati. Ile ya kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, na hapa tumbo ni dogo na omeprazoli imezima asidi iliyobaki. Sitrati haikupatikana duka la kwanza wala la pili. Agiza mapema.

Akitapika kwa siku kadhaa mfululizo, tiamini ndiyo ya kuogopewa. Kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au kuchanganyikiwa ni dharura, na hospitali wakumbushwe kutoa tiamini kabla ya dripu ya sukari.

17 Machi: chakula laini na tatizo la mchuzi

Samaki wa kuponda, mayai laini, kuku wa kusaga, boga kidogo: havikuleta shida. Mchuzi ndio uliochukua muda. Chakula cha kwetu kinaanza na kitunguu, na mtu hawezi kula samaki wa maji na chumvi mwaka mzima.

Fruktani huyeyuka kwenye maji, haziyeyuki kwenye mafuta. Jaribio la kwanza la kutumia hilo lilishindwa kwa sababu kitunguu kilikatwa chembamba na vipande vikabaki, kisha nyanya ikatiwa juu yake. Utaratibu unaofanya kazi:

1. Mafuta vijiko 3 vya chakula kwenye moto mdogo.
2. Kitunguu maji kimoja kilichokatwa robo, na punje 3 za saumu zilizokatwa nusu. Vikaushe kwa kitambaa kwanza.
3. Dakika 8 hadi 10, hadi viwe rangi ya dhahabu.
4. Toa vyote kwa kijiko cha matundu. Hesabu vipande ulivyotia na ulivyotoa.
5. Ndipo weka nyanya, tangawizi, manjano, na mwisho majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani tu.

Bizari ya pakiti isomwe: nyingine zina saumu ya unga. Mafuta haya hutumika siku hiyohiyo. Usiyaweke kabatini kwenye chupa, kwa sababu saumu ndani ya mafuta yasiyo na hewa ni mahali pazuri pa bakteria wa botulizimu, na sumu yake haina harufu. Tui la nazi lilipita kwa mililita 60. Lilipozidi, tumbo lilinguruma.

31 Machi: si kila kuharisha ni IBS

Hiki ndicho kipande cha shajara tunachotaka kinakiliwe kuliko vyote. Mwenye IBS amezoea kuambiwa, na kujiambia, kwamba kila maumivu ni IBS. Baada ya upasuaji zoea hilo linaweza kuficha mengine, na kinachotofautisha zaidi ni safu ya dakika tangu kula.

Dakika 10 hadi 30, mara nyingine hadi saa 1: mapigo ya haraka, jasho, kizunguzungu, tumbo kukatika, kuhara. Hiyo ni dampingi ya mapema, chakula kimekimbilia utumbo mdogo. Hutajwa zaidi kwa baipasi lakini slivu nayo huileta. Ilitokea kwa uji wa sukari vijiko 2, na ikakoma sukari ilipoondolewa na maji yalipohamishiwa dakika 30 baada ya chakula.

Saa 1 hadi 3: jasho, mtetemo, njaa kali, akili kufifia. Sukari ya damu imeshuka. Pima kwa kidole wakati huohuo; chini ya 3.0 mmol/L ipelekwe kwa daktari.

Gesi na kukatika kunakoanza baada ya saa kadhaa, mara nyingi 4 au zaidi, na kutulia kidogo baada ya choo: hapa IBS inashukiwa, pamoja na FODMAP, yaani sukari zisizofyonzwa vizuri kama laktosi, fruktani na polioli. Mtu hulaumu alichokula mwisho, kumbe mkosaji ni mlo wa kabla yake. Bila saa kwenye daftari hutampata.

Maumivu ya juu kulia baada ya mafuta yanaweza kuwa nyongo, kwani kupungua uzito haraka hutengeneza mawe. Choo cha mafuta kinachoelea, kuharisha maji kila asubuhi, au gesi isiyojali chakula: bakteria kuzidi kwenye utumbo mdogo, asidi za nyongo au kongosho, na vyote vina vipimo na dawa. Kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, damu, choo cheusi, homa na manjano ya macho havimo kwenye IBS kabisa. Aliyefanyiwa baipasi ana la kwake tena: maumivu ya vipindi yanayosokota baada ya kula yanaweza kuwa utumbo ulionaswa ndani, na hayo hayasubiri asubuhi.

Dawa: mebeverini miligramu 135, dakika 20 kabla ya kula, ilisaidia mikazo. Mafuta ya pepaminti yaliachwa. Yanasaidia IBS, lakini hulegeza mlango wa juu wa tumbo na slivu tayari huleta kiungulia. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki hazikutumika, parasetamoli inatosha.

28 Aprili: kurudisha vyakula

Kukata FODMAP ni kwa wiki 2 hadi 6. Mlo huu, uliotoka Chuo Kikuu cha Monash, Australia, haukukusudiwa kuwa wa maisha, na kwa mtu anayekula vijiko vichache kila kizuizi cha bure ni protini na madini yaliyopotea. Kwa hiyo kundi moja kwa wakati, siku 3 kwa kupandisha, kisha siku 3 za mapumziko:

- Laktosi: maziwa mililita 50, 100, 150. Yalipita hadi 100. Mtindi gramu 100 ulipita.
- Fruktosi: embe gramu 30, 60, 90. Gramu 60 ndio mwisho.
- Manitoli: kiazi kitamu gramu 40, 75, 100. Kilipita chote.
- Maharage: kijiko 1, 2, 3. Yaliyopikwa kwa maji ya kulowekea yalishindwa kwa kijiko 1. Yaliyolowekwa saa 12, maji yakamwagwa, yakachemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa tena, yalipita vijiko 2, kwa sababu sukari zake hutoka na maji.
- Ngano: chapati robo, kisha nusu. Nusu ilishindwa, kwa gesi na kwa kukwama kifuani.
- Kitunguu maji: kilishindwa kwa kijiko kimoja cha chai. Saumu ilipimwa peke yake, nayo ikashindwa.

Tumbo dogo lina faida hapa. FODMAP huumiza kwa kiasi, na vyakula vilivyomsumbua zamani kwa sahani sasa vinapita kwa vijiko viwili. Hasara ni kwamba anakula mara 5 au 6 kwa siku, na vijiko hivyo vinajumlika. Milo miwili yenye kundi lilelile tuliitenganisha kwa saa 4.

Ndizi ya kuiva hadi madoadoa ina fruktani nyingi kuliko iliyoanza tu kuwa ya njano. Ugali na wali havina shida ya FODMAP kwa kiasi hiki, ila hukaa tumboni kama donge. Vijiko 2, mwisho wa mlo, baada ya protini.

9 Juni: choo kimefunga

Miezi minne, na Bristol imegeuka kutoka 6 kuwa 1. Sababu ziko wazi: chakula kidogo, nyuzinyuzi kidogo, maji pungufu, chuma kila siku. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha iliyokuwa kwenye mkoba kwa ajili ya safari, iliondolewa mkobani.

Ispaghula ni nyuzinyuzi inayowafaa wengi wenye IBS, lakini maelekezo ya pakiti yanamtaka mtu anywe glasi nzima haraka. Mwenye slivu hawezi. Akinywa polepole inaganda kabla hajamaliza, na ikimezwa nzito inaweza kuziba. Tulichofanya: nusu pakiti, kama gramu 1.75, kwenye maji mililita 100, inanyweka ndani ya dakika 3, kisha maji mengine mililita 100 kidogokidogo kwa dakika 20. Mara moja kwa siku kwa wiki ya kwanza, halafu mara mbili. Haikuanzishwa kabla ya chakula kigumu kuzoeleka, na daktari aliidhinisha. Papai gramu 140 asubuhi na sukuma wiki iliyopikwa vijiko 3 viliongezwa. Choo kilifika 3 na 4 bila dawa ya kulainisha choo.

Gharama hadi sasa, bila hospitali

Mizani 25,000. Unga wa protini uliofaa, makopo mawili, 370,000, na uliopotea 120,000. Vitamini za kutafuna zilizoachwa 65,000. Za vidonge, kwa mwezi, 70,000, ambapo kalsiamu sitrati peke yake ni zaidi ya nusu. Mebeverini na ispaghula, kwa mwezi, 48,000. Chakula cha sokoni kilishuka kuliko kabla ya upasuaji, kwa kuwa anakula kidogo. Anayeanza leo akisoma viambato kwanza anaokoa 185,000 zilizotupwa hapa.

Kinachofuata

Mapema Agosti, mwezi wa 6: damu kwa chuma na feritini (akiba ya chuma mwilini), B12, foleti, vitamini D, kalsiamu na homoni ya paratairoidi. Dawa ya mawe ya nyongo inaisha wakati huohuo, kwa hiyo wiki mbili zinazofuata hakuna chakula kipya kitakachoongezwa, ili mabadiliko yoyote ya choo yajulikane yametoka wapi. Baada ya hapo maharage yatajaribiwa tena kwa vijiko 3, na chapati ya unga wa mtama badala ya ngano.